Mshale Ulimpata: Shabaha, Bahati na Mtenda katika Historia ya Maneno ya Uwindaji



Naomba nianze na kanga wawili. Miaka mingi iliyopita nilikuwa Nangwa, chini ya Mlima Hanang, nikikusanya masimulizi ya wazee kwa Kiswahili. Nangwa ilikuwa bado katika Mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002. Mzee mmoja aliyewinda sana ujanani mwake alinisimulia kwamba asubuhi moja alikuta kundi la kanga wakidonoa masazo katika shamba lililokwisha kuvunwa. Akamlenga mmoja. Alipouachia mshale, kanga yule akainamisha kichwa kuokota punje. Mshale ukapita juu ya mgongo wake, ukamwingia wa pili, ukatokeza upande wa pili na kumchoma wa tatu. Wawili wakabaki chini. Yule aliyelengwa akaruka na kwenda zake.

Nami, kwa furaha ya mtafiti aliyepata kisa kizuri, nikamwuliza: “Kwa hiyo, mzee, uliwapiga kanga wawili kwa mshale mmoja?”

Akanitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi asiyesikiliza. “Hapana, mwalimu. Mimi nilimkosa mmoja. Hao wawili, mshale uliwapata.”

Nilicheka, nikaandika, nikageuza ukurasa. Haikunijia siku ile kwamba mzee alikuwa amenipa somo la sarufi. Katika sentensi yake ya kwanza kiima ni yeye mwenyewe na kitenzi ni kukosa. Katika ya pili kiima ni mshale, na kitenzi ni kupata. Aligawa tendo moja kwa watenda wawili, akajitwalia kosa na kuuachia mshale mafanikio. Mhadhara huu unahusu mgawanyo huo. Nitadai kwamba maneno tuliyonayo ya kulenga, kupata, kukosa na kubahatisha yamebeba tangu zamani swali moja: je, mshale ukishatoka kwenye uta, ni wa nani? Na nitadai kwamba swali hilo si la mchezo, kwa maana siku ileile mzee alinisimulia kisa cha pili ambacho sikukicheka, na ambacho nilikiharibu kwa kalamu yangu mwenyewe. Nitakirudia.

Kwanza tutazame mahali penyewe. Nchi ya Mbulu na Hanang ni darasa la isimu lisilo na kifani barani Afrika. Wairaki husema lugha ya Kikushi, Wadatoga, wakiwamo Wabarbaig, husema lugha ya Kinailoti, Wanyaturu na jirani zao Wabantu lugha za Kibantu. Kaskazini-magharibi, katika bonde la Yaeda na pande za Ziwa Eyasi, wapo Wahadzabe, ambao lugha yao wanaisimu wengi huiona haina ndugu aliyethibitishwa popote. Roland Kießling, Maarten Mous na Derek Nurse, katika kazi yao ya mwaka 2008, walilieleza eneo hili la Bonde la Ufa kuwa ni uwanja wa mgusano wa lugha. Kiswahili kiliingia katika uwanja huo kama mgeni, kikawa lugha ya soko, ya shule, ya ibada na ya baraza. Mzee wangu hakuzaliwa nacho. Hata hivyo alikitumia kwa usahihi wa mtu anayepima maneno kwa sababu anayajua uzito.

Sasa maneno yenyewe. Ukiyachambua maneno ya uwindaji katika Kiswahili utaona tabaka mbili zilizo wazi. Tabaka la chini ni la Kibantu: winda, uta, lenga, fuma, tega, kosa, pata. Neno uta lina asili katika mzizi wa Kibantu wa kale, na ndugu zake wametapakaa katika lugha nyingi za Kibantu. Tabaka la juu ni la bunduki, na hilo lilikuja na merikebu. Risasi ni neno la Kiarabu la madini ya risasi. Bunduki nayo ina safari ndefu kidogo: bunduq kwa Kiarabu ilikuwa kwanza aina ya njugu, kisha kigololi cha udongo au cha chuma kilichorushwa kwa uta maalumu, na mwishowe chombo chenye moto. Yaani tunaposema bunduki, tunataja njugu bila kujua. Watu wa pwani hawakukopa kila kitu, hata hivyo. Walipouona mzinga wa vita walitazama umbo lake, gogo lenye uwazi ndani, wakalipa jina la mzinga wa nyuki. Yeyote aliyeona mizinga ya magogo ikining'inia juu ya miti katika vijiji vya bara atakubali kwamba macho yao yaliona vyema.

Lakini tabaka linalonivutia zaidi ni la tatu, la maneno ya bahati, kwani hapo ndipo mwindaji alipojificha. Twaeni neno msiba. Kwa Kiarabu mzizi wake una maana ya kulenga sawasawa na kupata shabaha. Mshale uliofika ulipolengwa huelezwa kwa mzizi huo, na mtu aliyesema kweli vilevile. Kutoka hapo likatoka neno la jambo linalompata mtu, balaa. Kiswahili kilichukua msiba na kitenzi sibu, kikamwacha mpiga mshale ng'ambo ya bahari. Tumebaki na jeraha bila uta. Anaposema mtu “amesibiwa”, anasema, bila kukusudia, kwamba kuna mshale uliotoka mahali na kufika.

Upande wa pili wa sarafu ni neno hatia. Asili yake ya Kiarabu iko katika mzizi wa kukosea, na miongoni mwa matumizi ya mzizi huo ni kukosa shabaha. Wayunani nao walifanya vivyo hivyo: kitenzi ambacho katika tenzi za Homer hutumika kwa mkuki uliopita pembeni ndicho kilichokuja kuzaa neno la dhambi katika Agano Jipya. Na Kibantu, ambacho hakikusoma kwa Waarabu wala Wayunani, kina kitenzi kosa: kukosa mnyama, kukosa chakula, kukosa adabu, na nomino kosa, yaani jambo baya ulilolitenda. Hata mkosi, ile bahati mbaya inayomwandama mtu, inaelekea kuwa mtoto wa kitenzi hichohicho. Kwa hiyo anayekosa ana hatia, na anayepatwa ana msiba. Anayepata je? Hapo lugha inanyamaza kidogo, kisha inasema: ana bahati.

Nasibu na kisimati yote mawili ni maneno ya Kiarabu yenye maana ya fungu, mgawo. Haya ni maneno ambayo wawindaji wangeyaelewa mara moja, kwa kuwa bahati kwao si nyota ya mbali, ni kipande cha nyama kilichokuangukia wakati wa kugawana. Bahati yenyewe ni neno la Kiajemi. Jambo la kuzingatia ni kwamba Kiswahili kilitengeneza kitenzi kutokana nalo, kubahatisha, ambacho ni tendo la hiari. Bahati inakujia, kubahatisha unakufanya wewe. Mtu anayebahatisha anajua kwamba hajui, na bado anauachia mshale.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 22, Ahabu mfalme wa Israeli anaingia vitani amejigeuza sura ili asitambulike, na askari mmoja asiyetajwa jina anampiga kwenye maungio ya mavazi yake ya chuma. Kwa Kiswahili tungesema askari huyo alibahatisha. Maandiko ya Kiebrania yanasema alivuta uta katika unyofu wake, yaani bila hila, bila kujua. Naliona neno hilo kuwa zuri kuliko letu. Linasema kuwa bahati ya yule askari ilikuwa aina ya kutokuwa na hatia. Waislamu kwa upande wao wanaikumbuka aya ya 17 ya Sura ya Al-Anfal, inayohusishwa na vita vya Badri, ambamo kurusha kunaondolewa mkononi mwa mrushaji na kunasibishwa na Mwenyezi Mungu. Mzee wa Nangwa hakuwa akinukuu chochote, lakini alikuwa katika jamaa hiyo ya fikra.

Sitaki tudhani kwamba wawindaji huishi kwa bahati. Kinyume chake. Mtoto wa Kihadza hupewa uta angali mdogo sana na hucheza nao kila siku hadi utu uzima. Mishale ya wanyama wakubwa hutiwa sumu. Mojawapo hupikwa kutokana na utomvu wa waridi la jangwani, nyingine hutokana na mti wa jamii ya Strophanthus, na Wahadzabe huziita panjube na shanjo. Mwindaji lazima ajue umbali, upepo, mahali pa kupiga, na zaidi ya yote namna ya kufuata nyayo za mnyama aliyejeruhiwa, maana sumu haiui papo hapo. Ujuzi wote huo upo. Na bado, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikuta kwamba mwindaji wa Kihadza alipata mnyama mkubwa mara moja katika takribani siku 29 za kuwinda. Siku 28 alirudi bila mnyama mkubwa. Hadithi za jioni hukumbuka siku ile moja. Siku nyingine hazina msimulizi. Waswahili wana methali isemayo mshale kwenda msituni haukupotea, na wafasiri hupenda kuieleza kuwa ni ya subira. Mimi naisoma pia kama hesabu: kila mshale uliopata una nyuma yake mishale mingi iliyokwenda msituni.

James Woodburn, aliyeishi na Wahadzabe na kuandika habari zao tangu miaka ya 1950, alieleza jambo linalonishangaza kila nilisomapo. Wanaume wa Kihadza wana mchezo wa kamari ambamo vipande vya magome ya mti hurushwa kwenye shina na kutazamwa vinavyoanguka. Wanachoshindania hasa ni mishale yenye sumu. Mshale mzuri unaweza kupita mikononi mwa watu wengi kwa bahati tupu kabla haujawahi kurushwa. Lakini uta wa mtu, mishale yake isiyo na sumu na mfuko wake wa ngozi havitiwi rehani. Woodburn aliona katika kamari hiyo njia ya kuzuia mali isijikusanye kwa mmoja. Mimi mwanaisimu naona jambo jingine pia: mshale unaotembea hivyo ni vigumu kuuita “wangu” kwa moyo wote, na mnyama akianguka, sifa yake haiwezi kukaa kwa mtu mmoja.

Wabarbaig wa nyanda za Hanang wanatoa picha iliyo kinyume, nami nitaitaja kwa kifupi. George Klima, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alieleza jinsi kijana aliyemwua simba, nyati au tembo alivyopewa ng'ombe na jamaa zake kama zawadi. Silaha ilikuwa mkuki, na mkuki hutumika kwa karibu. Aliyesimama hatua chache mbele ya simba hana haja ya kuuachia mkuki sifa.

Fasihi yetu ya pwani nayo ina shabaha yake maarufu. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, ambao Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika mwaka 1913, maadui wanapanga kumwua Liyongo kwa njia ya kikoa. Kila mmoja apande mkoma kwa zamu, aangushe makoma, wote wale. Zamu ya Liyongo ikifika, watampiga mishale akiwa juu. Wenye njama ni watu wa mwituni, hodari wa uta. Zamu inapofika, Liyongo hapandi. Anautoa mshale, anayatungua makoma kutoka chini. Wataalamu wengi huisoma sehemu hii kuwa ni sifa ya nguvu za shujaa. Ni kweli, lakini tazameni ujanja wake: anatumia kilekile walichokusudia kumwulia, mshale kuelekea juu ya mkoma, na kuugeuza kuwa wa chakula. Na mwisho wa utenzi, baada ya mwanawe kumchoma sindano ya shaba kitovuni, Liyongo anapiga goti karibu na kisima, uta umevutwa, mshale umewekwa. Anakufa katika hali hiyo. Watu hawathubutu kuteka maji kwa siku kadhaa kwa kuogopa mshale usioachiwa. Sijui shabaha kubwa kuliko hiyo katika fasihi yetu: ya maiti ambaye hakufyatua kitu.

Nimetumia kitenzi fyatua, na hapa ndipo tunapofika kwenye bunduki na kwenye hatari.

Fyatua na fyatuka zilikuwa za mtego kabla ya kuwa za bunduki. Mtego uliotegwa kwa kijiti kilichopindwa hufyatuka mnyama anapougusa. Mtegaji yuko nyumbani, amelala. Kiambishi cha mwisho ndicho kinachobeba uzito wote. Fyatua lina mtenda: mtu fulani alikitoa kilichobanwa. Fyatuka halina: kilichobanwa kimetoka. Bunduki ilipokuja, watu waliona ndani yake kitu kilichobanwa kinachosubiri, wakaipa msamiati wa mtego. Kwa hiyo Kiswahili kinaweza kusema kwa wepesi mkubwa “bunduki ilifyatuka”, sentensi kamili isiyo na mtu ndani yake.

Wazungu waliowinda katika nchi zetu wametuachia vitabu vyenye visa vya kila namna. W. D. M. Bell, Mskoti aliyepewa jina la Karamojo kwa ajili ya Karamoja ya Uganda, aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa bunduki ya risasi ndogo ambayo wenzake waliidharau. Aliweza kumpiga tembo anayekwenda zake, kutoka nyuma kwa mshazari, risasi ikaufikia ubongo. Walioona waliita maajabu. Siri yake ilikuwa kwamba alikuwa amepasua mafuvu na kujifunza ubongo ulipo. Nakiri ustadi, idadi yenyewe hainifurahishi. J. H. Patterson, mhandisi wa daraja la Tsavo, anatupa upande wa pili. Mwezi Desemba 1898 simba mla watu alimtokea karibu kabisa, naye akiwa na bunduki aliyoazimwa na daktari. Akalenga, akavuta, bunduki haikulia. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 anakiri kwamba alishtuka hata akasahau kwa muda kuwa mtutu wa pili ulikuwa bado na risasi. Alimwua simba huyo usiku wa siku ileile. Kwa Kiswahili tungesema bunduki ilimkatalia, na kwa mara nyingine chombo kingekuwa mtenda.

Sasa kisa cha pili cha Nangwa.

Mzee alikuwa kijana, akilinda mahindi usiku dhidi ya nguruwe mwitu. Alisikia mabua yakivunjika, akavuta uta kuelekea sauti, akauachia. Haikuwa nguruwe. Ilikuwa jirani yake, aliyekuwa akikatiza shamba kwenda kwake. Mshale ulimwingia pajani. Kwa bahati haukuwa na sumu. Jirani alipona, akachechemea hadi mwisho wa maisha yake, na familia hizo mbili zilikaa mbele ya wazee mara nyingi kabla ya kupatana. Mzee alinisimulia haya kwa sauti ya chini, na sentensi yake ilikuwa hii: “Nilibahatisha gizani, mshale ukampata jirani.”

Niliporudi chuoni nilisafisha masimulizi ili yafae kufundishia. Nilikuwa kijana, na nilipenda sentensi zenye mtenda bayana. Nikaandika: “Alimpiga jirani yake kwa mshale.” Sentensi hiyo ilitumika darasani miaka kadhaa kama mfano wa nomino ya kifaa inayotanguliwa na “kwa”. Siku moja mwanafunzi wa kike aliyekaa nyuma alinyosha mkono, akauliza: “Mwalimu, huyu mtu alifungwa miaka mingapi?”

Nikakosa jibu. Nilikuwa nimemhukumu mzee kwa kiambishi.

Mtaniambia kwamba mzee alikuwa akijitetea, na kwamba sarufi ya “ulimpata” ni maficho. Nimelifikiria hilo sana. Lakini sikilizeni tena sentensi yake nzima. Haanzi na mshale. Anaanza na “nilibahatisha”. Kiambishi ni- kipo, ni chake, na kinakaa kwenye kitenzi cha hiari: alijua kwamba haoni, akaachia. Kisha ndipo mshale unapokuwa kiima, kwa jambo ambalo kweli hakulikusudia. Mgawanyo ni uleule wa kanga, isipokuwa sasa unamgharimu. Kwa kanga alijinyima sifa. Kwa jirani alijitwalia uzembe na kukataa makusudi. Sentensi yangu iliyosafishwa iliyafuta yote mawili, ikaacha pigo tupu.

Wanasheria wanajua tofauti hii kwa jina jingine. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, haimtii mtu hatiani kwa tukio la ajali, lakini inabakiza masharti yanayohusu uzembe. Kati ya kukusudia, kuzembea na kupatwa na ajali kuna miaka mingi ya maisha ya mtu. Kwa muda mrefu, katika mahakama nyingi za juu, shahidi alisema kwa Kiswahili na maneno yake yakaandikwa kwa Kiingereza. Aliyesema “ilifyatuka” alitegemea msikivu atakayejua kwamba hakusema “niliifyatua”, na aliyesema “nilibahatisha” alitegemea msikivu atakayejua kwamba huko si kukiri kukusudia wala si kukana kila kitu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Wengi tulishangilia, nami nilikuwa miongoni mwao. Lakini kubadili lugha ya jalada hakumfundishi karani kusikia kiambishi. Karani wa Kiswahili anaweza kuisafisha sentensi kama nilivyoisafisha mimi, na kwa nia njema ileile.

Ndiyo maana nawaomba wanafunzi wanaokwenda kukusanya masimulizi, iwe Hanang, Pate au Karamoja, waandike kiima kama walivyokisikia, hata kikiwa mshale, mtego au bunduki, hata wakidhani msemaji amekosea Kiswahili kwa kuwa si lugha yake ya kwanza.

Nilirudi Nangwa baadaye. Mzee alikuwa hai bado, haoni vizuri, amekaa kwenye ukuta wenye jua. Nilimsomea masahihisho yangu, kisa cha kanga na kisa cha mahindi, neno kwa neno kama alivyosema mwanzo. Kwa kanga alitabasamu. Kwa kisa cha pili aliniomba nisome tena, kisha akasema jirani alikwisha kufariki, na kwamba watoto wao wanalima shamba hilo kwa zamu. Akaniuliza kama nimeandika kwamba mshale haukuwa na sumu. Nilikuwa nimesahau. Nikaongeza hapohapo, akisubiri, nikamsomea.